Kadzo, Kigango Usikichukue

Kadzo mwanangu,

Nakusikia huko chumbani ukifunga boksi kwa gundi, kisha unalifungua tena kwa sababu umesahau ulichotia ndani. Mama yako amekwisha kukuandikia mambo ya gesi, mita na kumtafuta daktari huko Leeds, karatasi tatu nzima, amezibandika kwenye friji usije ukajifanya hukuziona. Mimi siongezi kitu hapo. Wewe ni mtu mzima, na hata ungekuwa mdogo hunisikilizi. Nimekaa jikoni kuandika jambo moja tu, nalo ni kile kibao ulichokizungushia plastiki ukakisimamisha kando ya mlango.

Usikichukue.

Najua nilikubali. Jumapili ile mezani uliponiambia kwamba flati yako ina kona nzuri karibu na dirisha, na kwamba pale pangefaa kile kibao cha sebuleni na taa ndogo ya kukimulika kutoka chini, nilikujibu hata kabla hujamaliza: chukua, ni chako. Mama yako aliinua macho kutoka kwenye sahani, akanitazama, akarudi kula. Nitakueleza kwa nini nilijibu upesi namna ile, lakini hilo ndilo gumu kuliko yote na naliweka mwisho. Kwa mdomo siwezi. Nikianza kusema nitaingiza utani, nawe utacheka na kunijibu kwa Kiingereza, na yatakwisha hivyo. Basi soma polepole, na pale Kiswahili changu kitakapokushinda muulize mama yako, kwa sababu haya yote anayajua.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu. Shuleni ulikuwa ukiandika kwamba baba yako ni fundi, mwalimu akadhani natengeneza mabomba. Mimi natundika. Watu wa jiji hili wana picha, sanamu, saa za kale, viti ambavyo hakuna ruhusa ya kuvikalia, na hawajui waviweke wapi. Naitwa mimi na pimamaji yangu na drili. Nilifundishwa na mzee mmoja mkali aliyekuwa hapendi maneno. Alinifundisha kwamba katikati ya picha pawe usawa wa macho ya mtu aliyesimama, kwamba hakuna kitu cha mbao kinachokaa juu ya hita, kwamba panapotaka vitu vitatu weka kimoja, ukuta upumue. Na alinifundisha kwamba kitu cha kwanza ambacho jicho linakutana nacho mtu akiingia, hicho ndicho mwenye nyumba; wanaolipa bili ni wapangaji wake. Nimewaambia wateja maneno hayo miaka mingi, nao hufurahi. Siku hizi siwaambii.

Ulikuwa na miaka mitano nilipoitwa kwenye nyumba moja kule Highgate. Mama mwenye nyumba, mwanamke mpole, alikuwa amenunua vitu mnadani, na mumewe, mzee aliyeanza kupotewa na kumbukumbu, alikaa kwenye ngazi akituangalia. Nikafungua kreti ya mwisho. Ndani, kwenye nyasi kavu, kulikuwa na ubao mrefu wa mti mgumu, bapa, wenye kichwa cha duara na macho mawili yaliyochimbwa, na kifua kimejaa pembetatu zilizochongwa kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Nilijua nimemfungua nani.

Wewe kile unakiita sanamu, na hilo ni kosa langu. Ni kigango. Kwetu Giriama, mzee mkubwa wa chama cha Gohu akifa, huenda akamjia mwanawe au mjukuu katika ndoto na kulalamika. Hasemi mengi. Anasema anasikia baridi, au kwamba watu wake wamemsahau. Basi anachongewa kigango, kinasimikwa ardhini karibu na boma, kinafungwa vitambaa, kinamiminiwa tembo la mnazi, na yule mzee anatulia. Pale ndipo anapokaa. Watu wa boma wanaweza kuhama kwenda kutafuta shamba lingine, lakini yeye hahami. Hata mti ukilika na mchwa, anaachwa aanguke mwenyewe.

Haya sikuyasoma mahali. Kigango cha babu ya baba yangu kiliibiwa nikiwa darasa la nne, ikasemekana kimeuzwa kwenye duka la watalii. Asubuhi tulikuta shimo tu. Nyanya yangu aliendelea kumimina mnazi kwenye lile shimo, na akawa hataki mtu amwambie kwamba anaumwagia mchanga. Alituambia sisi watoto, "Aliyemchukua hajachukua mti. Amechukua mzee, na mzee atataka kulala kwake." Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu naye kuliko wote. Kwa hiyo usije ukasema baba hakujua.

Nilijua, na yule mama wa Highgate aliponiuliza, "Kikae wapi?" nilizunguka nyumba ile kwa madaha, nikajifanya mtaalamu, nikamwonyesha mahali: chini ya ngazi, mkabala na mlango, taa imulike kutoka sakafuni. Aliniuliza kama najua ni kitu gani. Nikamjibu ni kazi ya sanaa ya pwani ya Kenya, ya zamani, nzuri sana. Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa mtu mweusi pekee katika nyumba ile, nimevaa suruali ya kazi, na nilitaka aone kwamba kwetu nako kuna vitu vya kuwekewa taa. Nilijivuna, mwanangu. Fahari ndiyo iliyonifunga mdomo.

Halafu nikafanya mambo mawili kwa mikono yangu.

La kwanza, nilimtoboa. Kigango hakina mguu wa kusimamia kwenye sakafu ya mawe, kinataka ardhi, basi nikakilaza juu ya blanketi, nikatia drili upande wake wa chini, nikapitisha chuma cha stendi. Ule mti ulikuwa mkavu kwa miaka mingi, lakini vumbi lililotoka kwenye drili lilikuwa na unyevu. Nilijipangusa nikaendelea.

La pili ni baya zaidi, ingawa halina kelele. Mgongoni kulikuwa na karatasi ndogo ya kahawia imegundishwa, imeandikwa kwa kalamu jina la mtu na jina la mahali. Mwandiko ulikuwa umefifia na mimi sikuhangaika kuusoma. Ile karatasi ilionekana kwenye kioo cha ukutani, ikaharibu mpangilio. Nikachemsha maji, nikailowesha, nikaibandua, nikaitupa kwenye mfuko wa takataka pamoja na nyasi za kreti. Yule mzee aliyenifundisha kazi aliniambia mara mia kwamba mgongo wa kitu cha kale haufutwi, kwamba mbele ni ya wageni na nyuma ndiyo kitambulisho chake. Nilimfuta mtu jina lake ili kioo kipendeze.

Hazikupita wiki nyingi, yule mama akanipigia simu. Mumewe amefariki, nyumba anaiuza, na kile kibao angependa kunipa mimi, hataki hata senti, kwa sababu siku ile aliona nilivyokishika kwa heshima. Sauti yake ilikuwa na haraka. Mimi sikusikia haraka, nilisikia bahati. Nilijiambia, huyu ni mtu wa kwetu. Kukaa kwangu kuna afadhali kuliko kukaa kwa Mzungu. Angalau hapa atasikia watu wakiongea Kigiriama kwenye simu. Nilijiona kama mtu anayempokea mgeni kutoka nyumbani. Niliusahau kabisa ule msemo wa nyanya yangu, kwamba mzee hutaka kulala kwake, na kwake si kwangu. Mimi Mgiriama ndiye pekee ninayeweza kufanya kosa la namna hiyo; Mzungu hawezi kujidanganya kwamba huyu ni ndugu yake.

Basi nikampandisha kwenye lifti hadi ghorofa ya saba hapa Tottenham, mahali pasipo na udongo, chini yake familia sita zinapika na kutazama televisheni. Nikampanga. Niliondoa kabati la viatu, nikapaka ukuta ule rangi ya mchanga, nikaweka taa. Kazi ilipendeza, siwezi kusema uongo. Watu wa kanisani wakija walikuwa wanasimama pale kwanza kabla ya kutusalimia. Mama yako peke yake ndiye aliyesema, "Karisa, huyo anatazama mlango wa chumba cha mtoto." Nikamwambia anatazama mlango wa kuingilia, na kwamba katika flati ndogo milango yote iko upande mmoja.

Hili linalofuata hulikumbuki, nimekuuliza mara kadhaa kwa mbali nikaona hulikumbuki. Ulikuwa umetimiza sita. Nilirudi kazini mchana nikakuta umepanda kwenye kiti, umemfunga mzee skafu yako ya shule shingoni, fundo mbele, vizuri kabisa, pale pale ambapo kwetu hufungwa kitambaa. Nikacheka. Nikakuuliza kwa nini. Ulinijibu kwa Kiingereza, ukiwa na shughuli zako, kwamba yule mzee anasikia baridi na anaomba kila siku, na wewe huna blanketi la ziada. Kadzo, hakuna mtu aliyekuwa amekueleza neno hata moja. Mimi nilikuwa nimekwambia ni kipande cha mti.

Nilitoka nje kwenye ujia, nikampigia simu yule mama wa Highgate. Nilimwuliza mumewe alikufaje. Akasema tangu kile kibao kiliposimama chini ya ngazi, mumewe alianza kukivalisha. Kofia, sweta, shuka. Yeye anavua, mumewe anarudisha. Asubuhi moja ya theluji alimkuta bustanini, amekaa kwenye benchi na shati jembamba, amekwisha kuganda. Koti lake lilikuwa mabegani mwa kibao. "Sikutaka kukutisha," akaniambia. "Nilidhani wewe utajua la kufanya."

Sikujua, nami nilikuwa na aibu ya kusema sijui. Mama yako alimwita mchungaji, akaja na akina mama watatu, wakaomba, na mchungaji akasema kitu hiki kichomwe leo leo. Mama yako akakubali. Mimi ndiye niliyekataa. Niliwaambia huwezi kumchoma mzee wa watu. Ilikuwa kweli, lakini si kweli yote, kwa sababu upande mmoja wa moyo wangu ulikuwa unauangalia ule ukuta na kufikiri utabaki mtupu. Tuligombana hadi mchungaji akavaa viatu vyake akaondoka. Mimi nikanunua kitambaa cheupe, chekundu na cha buluu iliyoiva, nikamfunga kama inavyotakiwa, na wageni wakasema sasa amependeza zaidi.

Akatulia. Au mimi niliona ametulia. Hukuongea naye tena, hukumvalisha tena. Lakini tangu mwaka ule wewe unasikia baridi, Kadzo. Unalala na sweta mwezi wa Julai. Vidole vyako mama yako anavisugua akitazama televisheni hata hajui kwamba anavisugua. Tumepima damu yako zaidi ya mara tatu na daktari anasema huna tatizo, ni maumbile tu. Wewe mwenyewe unafanya mzaha kwamba ulizaliwa Ulaya kwa makosa. Mimi hucheka na wewe, halafu naenda chooni kukaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hicho kinachokula nimekifunga mimi kwa fundo zuri.

Usidhani nilikaa tu. Nilipokwenda kumzika mama yangu, yule uliyepewa jina lake, nilibeba picha za kigango, mbele na mgongo. Nikazunguka nazo Kaloleni hadi nikafika kwa mzee mmoja wa Gohu ambaye bado anajua michongo. Alizitazama muda mrefu, akasema, "Huyu si wa hapa. Mkono huu si wa watu wetu. Mlete na jina lake, tutamtafutia watu wake." Nikamwambia jina sina. Akauliza halikuandikwa mahali popote? Nikamwonyesha tena picha ya mbele. Yule mzee si mjinga. Aliniangalia, akazirudisha picha kwenye bahasha kwa vidole viwili, na akasema mtu asiye na jina hawezi kuitwa, na asiyeitwa hujichagulia mwenyewe pa kwenda. Baada ya hapo alizungumza habari za mvua.

Sasa nije kwenye lile gumu.

Jumapili ile ulipoomba upewe huyu mzee, mimi nilifurahi. Sitaki kulipamba. Kabla sijafikiri juu yako, kabla sijakumbuka lile koti, niliona ukuta ule mtupu, na mimi na mama yako tumekaa sebuleni bila kuangaliwa. Nilisema "chukua" kwa moyo mweupe kama mtu anayetua mzigo. Mzigo wenyewe namtwika nani? Wewe, mtoto wangu mmoja, uende ukae naye peke yako katika mji usikojua mtu, mkabala na kitanda, na taa umemwekea. Ilinichukua siku mbili kuliona hilo. Mama yako aliliona pale pale mezani, na nadhani alikuwa ananingoja nione kama wanaume tunavyoona, yaani kwa kuchelewa. Jana usiku ameniambia neno moja tu: "Mwandikie."

Mficha maradhi kilio humuumbua, nami sitaki kungoja kilio. Kwa hiyo naomba unisamehe mambo haya yote, na zaidi ya yote ile furaha. Kama utanikasirikia, nikasirikie ukiwa Leeds, umefika salama, umejifunika. Katika flati yako weka unachotaka. Weka picha za marafiki, weka yale maua ya plastiki ninayoyachukia. Ukipewa au ukinunua kitu cha kale, kigeuze kwanza usome mgongo wake, na kama mgongo una jina la mtu, usikubali kuwa wewe ndiye unayekimiliki. Kona ile ya dirisha iache tupu. Kona tupu si aibu, ingawa mimi nimeishi kwa kuwauzia watu imani kwamba ni aibu.

Mwezi ujao nimeomba likizo ndefu. Nitamsafirisha hadi Kilifi na nitazunguka naye kwa jirani zetu, Chonyi, Kauma, Jibana, boma kwa boma, hadi apatikane mtu wa kusema huyu ni wetu. Inaweza kuchukua muda na inaweza isifanikiwe. Lakini ni mimi niliyemtoboa na ni mimi niliyemfuta jina. Akimtaka mtu wa kwenda naye, anaye.

Ningetamani niishie hapo, ila kuna la Jumanne. Nilikuwa Southall, kwa familia ya Kalasinga waliozaliwa Nakuru, natundika picha za harusi za wazee wao. Saa ya chakula nikaenda kwenye gari kupumzika, mchana kweupe, watu wanapita na mifuko ya mboga. Nikasinzia. Alikuwa amekaa kiti cha abiria, amejifunga mkanda. Tangu aingie kwetu hajawahi kunijia mimi, na nilijua ni yeye kwa yale macho. Nikajiandaa kumsikia akiomba nguo. Hakuomba nguo. Aliniuliza kwa Kigiriama, kwa adabu kabisa, kama mtu anayetaka kujua ratiba, "Tunahama lini?"

Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa usingizini na mtu mzima ameniuliza, nikamjibu. Nilimwambia Jumamosi, siku uliyopanga kuhama wewe.

Kesho ndiyo Jumamosi. Nimekwisha kumfungua plastiki na kumrudisha mahali pake, nami nitalala kwenye kochi, mbele yake. Asubuhi toa maboksi yako moja moja, mama yako atakusaidia, usinisemeshe mimi na usitaje jina la mji mkiwa ndani ya nyumba. Ukishatoka, funga mlango. Na ukifika chini ukakumbuka kwamba umesahau kitu, chochote kile, usirudi kukichukua. Nipigie simu, nitakuletea mimi.

Baba yako,
Karisa